Taa ya Kupima Mawe

Msiniambie habari za mafundi. Mimi nilikuwa fundi redio wa kijiji kizima cha Janga, na nikiikumbuka kazi niliyojisifia kuliko zote natamani kujizaba kofi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa hayapatikani. Ukiuliza duka la kijiji unajibiwa, "Hakuna, labda wiki ijayo," halafu ukigeuka unamwona mkubwa mmoja anatoka mlango wa nyuma na kitu kaviringisha kwenye gazeti. Iliniuma! Shamba la kijiji tunalima wote, migongo inatuuma wote, lakini mawe yana wenyewe. Sisi wengine tuliyaanika juani kama mihogo, tukayang'ata kwa meno, ili redio ikohoe dakika chache tu.

Nami redio nilikuwa na haja nayo kweli. Mama yangu alikuwa mgonjwa kule Chole, Kisarawe. Simu hakuna, barua inafika inapojisikia. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona, kaka yangu alinisindikiza njiani akaniambia, "Likitokea la kutokea, nitapeleka tangazo redioni. Wewe usikose kusikiliza matangazo ya vifo." Nikamwahidi.

Basi nikaunda taa. Nilichomoa transista na kitaa chekundu, kidogo kama punje ya mtama, kwenye redio kaseti iliyokufa. Nikapasha msumari kwenye jiko la mkaa, nikachomelea waya kwa risasi niliyoibandua humo humo. Nilivyoipanga, mawe yakiwa na nguvu kitaa hakiwaki. Yakianza kuchoka, kinawaka. Kikiwaka maana yake zima redio, nguvu iliyobaki ni ya matangazo ya vifo peke yake. Nilizunguka nayo nyumba kwa nyumba kuionyesha. Watu wakasema, "Huyu bwana ni hatari!" Kichwa kikanivimba.

Jumatatu moja kitaa kikawaka. Nikamwita mke wangu na kaka yake, mtu mzima mwenzangu, aliyekuwa amekuja kutoka Pangani kunisaidia kuezeka nyumba. Shemeji huyo alikuwa mgonjwa wa mpira. Nikawaambia hakuna kuigusa redio. Jioni nitaiwasha mwenyewe, nisikilize majina, nizime.

Jumatatu nikasikiliza, jina la mama halimo, nikazima nikaenda kulala bila kuitazama tena. Jumanne vilevile. Jumatano nimerudi kutoka shambani, nikawasha: kimya. Hata mkwaruzo haukusikika. Na nilijua mchana ule palikuwa na mpira redioni.

"Umesikiliza mpira!" nikamfokea shemeji.

"Wallahi shemeji, sijaigusa. Lakini kile kitaa chako kilikuwa kinawaka mchana kutwa."

"Kingewakaje kama hukuiwasha redio? Unanifundisha ufundi? Unanila mawe yangu halafu unaapa!"

Nilipayuka mpaka majirani wakatoka nje. Akafunga vitu vyake, akaondoka, nyumba ikiwa nusu haijaezekwa. Mke wangu akasema, "Kaka yangu si mwongo." Nikamwambia kama ni hivyo amfuate.

Jioni ile nikakimbilia kwa majirani wawili wenye redio. Wote hawana mawe.

Ijumaa, tunatoka msikitini, bwana mmoja wa Mlandizi akanishika mkono. "Pole sana na msiba wa mama. Umerudi lini kutoka Chole?"

Kumuuliza, ndipo nikajua. Tangazo lilisomwa Jumatano jioni, mama akazikwa Alhamisi, na mtoto wake mimi siku hiyo nilikuwa juu ya paa naezeka, nimenuna. Nilimchukia shemeji mpaka chakula kikanishinda.

Kwenye arobaini, huko Chole, akaja. Mama mkwe alimtuma aniombe radhi yaishe. Mbele ya wazee akasema, "Shemeji, kama nilikukosea, nisamehe."

"Hakuna kama," nikamwambia. "Sema ulichofanya."

Akainamisha kichwa. "Nilikukosea. Nilisikiliza mpira. Nisamehe." Nikampa mkono kwa ncha za vidole.

Baada ya miezi nikapata mawe mapya. Yakatumika, yakachoka, kitaa kikawaka kama nilivyokipanga. Nikazima redio. Kitaa hakikuzimika.

Nikaifungua. Ule waya wa kitaa niliuchomelea moja kwa moja kwenye mawe, kabla ya swichi, badala ya baada yake. Redio ukiizima, kitaa kinaendelea kuyanyonya mawe yale yale niliyokitengeneza kiyatunze. Mchana kutwa, kama alivyoniambia.

Mke wangu akauliza kutoka uani, "Imeharibika nini?"

"Hakuna kitu," nikajibu. Nikaukata waya kwa meno.

Mjinga mimi, tena mwoga! Kila Idi najiambia leo nitamwambia. Anakuja na wajukuu zake, tunapeana mikono, tunakula pilau, anaondoka sijamwambia. Siku hizi redio yangu ni ya umeme, iko pale mezani karibu na kiti anachokaa. Haigusi. Akitaka kusikia mpira, anamwita mke wangu atoke jikoni aje kuiwasha.