Vua Jaketi Langu

Jaketi lile nililinunua mimi, mnadani, kwa pesa ya ugali wangu. Nalisema mapema ili watu waache kuniongezea maneno. Mume wangu alikuwa anaendesha bodaboda Nyamongo, mimi nikiwa na kibanda cha chakula karibu na njia ya kwenda mgodini, na baridi ya asubuhi ya kwetu inauma hadi mifupa. Nikamnunulia jaketi la ngozi, la mtumba, jeusi, zito, lenye zipu za chuma mpaka kwenye mikono. Alilipenda. Zipu ya mkono wa kulia ndiyo iliyonichana hapa juu ya jicho.

Alinipiga saa ya chakula cha mchana, kibanda kimejaa wachimbaji. Kosa langu lilikuwa kucheka na mteja. Alianza na mwiko, mwiko ukavunjika, akaendelea na ngumi. Nikaangukia jiko, supu ikanimwagikia mguu. Na wateja wangu, wale niliowalisha hata siku ambazo mashimo hayajatoa kitu, walifanya nini? Waliinua sahani zao juu ili nisizimwage. Mmoja akasema, "Mambo ya mke na mume hayo, tusiingilie." Wakaendelea kula.

Sikulia. Nilikuwa na hasira mpaka meno yanagongana. Yeye alivua jaketi, akalitundika kwenye msumari, akaenda nyuma kunawa damu yangu mikononi mwake. Nikalichukua. Nikatoka nalo, nikapanda bodaboda ya kwanza iliyosimama, nikaenda moja kwa moja mpaka Nyamisangura, nyumbani kwa kaka yangu. Njia nzima nilikuwa natema damu pembeni, na yule dereva hakuniuliza hata neno moja.

Kaka alinipokea. Lakini aliniangalia, akaangalia jikoni alikokuwa mkewe, akakaa chini akashika tama. Nilijua anafikiri nini. Kwetu ng'ombe wanaoingia kwa binti ndio wanaotoka kwa kaka yake. Mimi niliolewa kwa ng'ombe, na ng'ombe wale wale walitembea kwenda kumwoa wifi yangu. Nikimwacha mume wangu, watu wake watadai ng'ombe wao. Kaka hana wengine. Itabidi watolewe kule kwao wifi, na wifi arudi kwao, watoto wabaki. Ndivyo ilivyokuwa, na kila mtu ndani ya nyumba ile alijua.

Wifi hakunisema hata siku moja. Alinikanda mguu kwa maji ya chumvi. Ningependa anitukane, ingekuwa nafuu.

Mume wangu alituma maneno kwamba sijamwacha, nimenuna tu. Wazee wa pande zote mbili wakapanga kukaa. Kaka akaniita kando. "Dada, nisikilize vizuri. Hoja yetu ni kwamba amekupiga mpaka ndoa imekufa. Wazee wakikubali, tutaomba wasamehe hata baadhi ya ng'ombe. Lakini ukimwita 'mume wangu' mbele ya watu, hata mara moja, umekwisha. Watashika hapo hapo." Nikamwambia afadhali niumwe na nyoka ulimini.

Basi wakati wa kusubiri wazee nikaanza tena biashara, mandazi na chai, na alfajiri baridi inanikata. Jaketi lilikuwepo, ila lilinimeza. Mabega yananing'inia, mikono inafunika vidole. Nikalipeleka kwa fundi cherehani wa pale sokoni, mtu wa Kahama aliyekuja kutafuta dhahabu, kifusi kikamwangukia bega, akarudia kushona. Mtu mwoga kweli. Mbwa akibweka anasimamisha cherehani.

"Mama, ngozi si kitenge," akasema. "Kitenge nikikosea nafumua, tundu linajifuta. Hii nikiitoboa imetoboka. Na nikiikata, mwenyewe akiitaka je?"

"Mwenyewe ni mimi. Kata."

"Hili la mwanaume."

"Wewe fundi, au askari wa upelelezi? Kata! Na hizo zipu za mikono zing'oe, sitaki kuziona."

Akacheka kwa woga, akanipima. Hakutumia pini hata moja, alibana ngozi kwa vibanio vya kuanikia nguo. Nilikaa kwenye benchi lake nikamwangalia akizing'oa zile zipu kwa koleo, jino moja moja, na ninyi mniseme mnavyotaka, nilifurahi. Baada ya siku chache nilirudi kujaribu. Mikono alikuwa ameshaipunguza na kuishona kabisa kwa uzi wa viatu uliopakwa nta ya mshumaa. Mgongo ameukata, ameupiga bandi tu, yaani uzi wa muda wa kushikilia. Akaliweka mezani ili anitafutie kioo.

Mume wangu akaingia.

Sijui nani alimwambia. Aliona jaketi, akaona zipu zake kwenye kopo la vifungo, na fundi alipofungua mdomo kumsalimia alipigwa ngumi ya mdomo kabla salamu haijatoka. Akaanguka na kiti chake. Cherehani ikaporomoka. Mimi nikashikwa koo, nikasukumwa ukutani, kichwa kikagonga. Nilimpiga teke la goti, akaniachia. Nikaokota rula ya mbao ya fundi nikamtandika nayo shingoni. Akacheka.

"Unakata nguo yangu? Nguo yangu mimi?" Akalinyakua jaketi mezani. "Nitaondoka nimelivaa, nione atakayenivua!"

Na akalivaa. Jamani, hasira ni kitu cha ajabu. Mtu mzima anaona kabisa kwamba jaketi limekatwa, na bado analivaa. Alitupa mikono yote miwili nyuma, akaisukuma ndani kwa nguvu zake zote, nayo mikono ikaingia mpaka viwiko ikakwama. Mgongo ukambana. Akajaribu kuivuta, haitoki. Akajaribu kuisukuma, haiendi. Akabaki mabega nyuma, kifua mbele, mikono imefungwa kama ya kuku anayepelekwa sokoni.

Nikaona kwamba hawezi kuinua mkono. Nikampiga. Nilimpiga kwa rula usoni, na nikampiga tena, na rula ilipovunjika nikamwelewa yeye na mwiko wake. Nilikuwa napiga kelele bila kujua. "Vua jaketi langu! Vua jaketi langu!"

Akanikimbia. Akatoka nje, mbio, mikono nyuma, damu puani, na mimi nyuma yake na kipande cha rula. Muuza vitunguu wa mlango wa pili alimwona mwanaume anakimbia na jaketi, akamwona fundi anatambaa mlangoni mdomo umejaa damu, akanisikia mimi. Akapaza sauti.

"Mwizi!"

Kama hujawahi kulisikia neno hilo sokoni kwetu, omba usilisikie. Bodaboda zilizimwa zote kwa pamoja. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Akapiga magoti, na kwa kuwa hana mikono ya kujizuia, akaanguka kwa uso. Wakamjia na fimbo, na mateke, na tofali. Nilisikia mbavu zikivunjika. Kijana mmoja alikuja anaviringisha tairi bovu, mwingine ana petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa, na mama mmoja aliyekuwa anapima dagaa akatoa kiberiti kwenye kanga yake akampa mwenzake, kisha akaendelea kupima dagaa.

Nilisimama pale nikawaza jambo moja. Kwa ajili yangu waliinua sahani. Kwa ajili ya jaketi wameinuka wote.

Yule wa petroli alikuwa ameshaanza kummwagia mgongoni. Akanigeukia kwa heshima kabisa. "Mama, pole. Jaketi ni lako?"

"Langu."

"Na huyu unamfahamu?"

Mume wangu aliinua uso. Jicho moja lilikuwa limeshafunga. Hakuomba. Ni mtu wa kwetu, haombi. Alinitazama tu, na mimi nilikuwa najua, kama ninavyojua jina langu, kwamba nikisema simjui, kazi imekwisha. Na nikisema namjua, wataniuliza ni nani. Kichwani mwangu nikamwona wifi anafunga nguo zake kwenye shuka. Nikawaona watoto wamesimama mlangoni.

"Unamfahamu, mama?" Kiberiti kilikuwa mkononi.

"Ni mume wangu," nikasema.

"Nani?"

"Mume wangu! Mna masikio? Mume wangu!"

Soko zima lilisikia. Wakacheka. "Kumbe ya nyumbani!" Tairi likaviringishwa kurudi lilikotoka. Mmoja wa waliokuwa wanampiga akampangusa vumbi begani akamwambia, kama kijana kwa kijana mwenzake, "Pole, mura." Pole alipewa yeye.

Fundi alikuja na wembe, akataka kulipasua jaketi ili amtoe. Nikamwambia, "Usikate. Fumua." Akafumua bandi ya mgongoni, uzi mmoja mmoja, mume wangu amepiga magoti kwenye matope yenye harufu ya petroli. Jaketi lilipoachia, nililichukua nikaondoka.

Wazee walikaa nyumbani kwa kaka baada ya mbavu za mume wangu kupona kiasi. Nilikwenda nimelivaa, limeshonwa tayari, limenikaa. Msemaji wa upande wa mume wangu hakupoteza muda. "Huyu binti alimwita 'mume wangu' mbele ya soko zima. Mashahidi tunao. Mke huyu ni wa kwetu. Arudi leo, au ng'ombe warudi leo, wote." Kaka akainamisha kichwa. Wazee wa upande wetu wakaangalia fimbo zao. Na kweli nilimwita.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa na wanawake, mbali. Mwanamke mkali, aliyewahi kuniambia kwamba kupigwa ndiko kulikomkomaza. Akasimama bila kuitwa, akaja mpaka katikati ya wanaume.

"Shikamooni wazee. Nina swali. Watu wakimuua mtoto wangu, ukoo wao unatoa nini?"

"Ng'ombe," akajibu mmoja. "Mama, kaa chini."

"Wengi kuliko wa mahari, au wachache?"

"Wengi," akajijibu. "Huyu mwanamke aliulizwa, anamjua au hamjui. Angenyamaza tu, mimi leo nimenyoa kichwa. Alinirudishia mtu. Anatembea yule pale, mwangalieni. Ng'ombe wenu ndiye huyo." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe nilikuzaa mimi, nikakufundisha kwamba mke ni wa kupigwa. Mungu atanihukumu. Lakini sitakula ng'ombe wa mtu mara mbili."

Walibishana mpaka jua likashuka. Msemaji wao alimtukana, mama mkwe akamrudishia tusi ambalo siwezi kuliandika. Mwisho mzee wao mkubwa akachukua fimbo yake, akasema ndoa imekwisha, ng'ombe wabaki walipo na kila mtu aende zake. Mume wangu aliondoka bila kunitazama, ameshika ubavu.

Nilimkuta wifi jikoni. Mzigo wake ulikuwa nyuma ya mlango, umefungwa kwa shuka, kama nilivyouona. Alikuwa ameshika unga mikono yote miwili na hajui aufanye nini.

"Wifi," akasema, "kwa nini hukuwaambia humjui? Mimi ningesema simjui."

"Jaketi lingeungua," nikamwambia.

Alinikodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akanikumbatia na unga wake wote.

"Mwongo wewe," akasema, na hakuniachia.