Mkeka wa Mgeni wa Kwanza

"Ukinitia aibu leo, mzigo wako wa soko la Zhanqian utaubeba mwenyewe," aliniambia kwenye lifti.

Alikuwa binti wa Tanga, yuko Guangzhou kwa skolashipu, na mwalimu wake wa Kijapani alikuwa akimfundisha kuandaa chai kwa desturi ya Japani. Siku hiyo angeandaa peke yake, mbele ya wageni. Akivuruga, nafasi ya kuandaa chai kwenye sherehe ya chuo ingekwenda kwa mwenzake. Mimi nilikuwa mgeni tu, mfanyabiashara wa nguo, na nilikuwa nampenda. Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili ya kuharibu.

Tulivua viatu mlangoni kwa mwalimu. Wageni tulikuwa wanne. Nikaenda kukaa kwenye mkeka wa mbele kabisa, karibu na ua lililowekwa peke yake kwenye chombo. Tabia ya dukani: aliye mbele ndiye anayeuona mzigo. Wenzangu wakaniinamia. Binti akafumba macho.

Kumbe pale ni mahali pa mgeni wa kwanza, anayeuliza maswali kwa niaba ya wote. Mwalimu alinieleza kwa Kichina cha polepole, akitabasamu. Kuhama ingekuwa aibu ya pili.

Vikaletwa vitamu, kimoja kimoja, vimefinyangwa kama jani jekundu la msimu wa majani kupukutika. Dirishani winchi zilikuwa zinapandisha ghorofa nyingine, na jua lilikuwa kali. Nikauliza jani hilo wamelitoa wapi kwenye joto hili.

"Kitamu hutangulia majira kidogo," mwalimu akasema, "ili mgeni ayaone yanavyokuja."

"Kama Zhanqian," nikasema. "Agosti watu tunakaribia kuzimia, na maduka yamejaa makoti ya baridi."

Mwalimu akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika. Nikapata kichwa. Nikala lile jani: maharage na sukari. Maharage, lakini yameenda shule.

Binti akamimina maji ya moto juu ya unga wa chai wa kijani, akapekecha kwa kipekecho cha mianzi. Hakumwaga hata tone. Nikapokea bakuli kwa mikono miwili. Chai ilikuwa chungu, na bado nilitamani isiishe.

Nikamaliza, nikainamisha bakuli nitazame kitako, nikapitisha kidole ukingoni kutafuta ufa, kama ninavyofanya kwa bidhaa yoyote kabla sijataja bei. Nikauliza limetoka wapi, limefinyangwa na nani, na kwa nini rangi imechuruzika upande mmoja. Mwalimu alijibu kila swali kwa furaha. Ndivyo mgeni wa kwanza anavyopaswa kufanya. Swali la nne likapanda mpaka kwenye meno. Binti akaacha kupekecha. Nikalimeza.

Mwishoni mwalimu akamwambia binti kwamba ataandaa kwenye sherehe, na mimi nirudi, palepale mbele. Binti akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Mimi nilishindwa kuinuka: miguu ilikuwa imekufa ganzi.

"Ulimeza swali gani?" aliuliza kwenye korido, amenishika mkono nisianguke.

"Bei."

"Nilijua, laoban, mwenye duka wewe. Ulikuwa na uso wa dukani kabisa."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta, bila kuniachia. Ganzi ilikuwa imeniisha kabla hatujafika kwenye lifti. Sikumwambia, na tulitembea hivyohivyo mpaka mtaa wa Xiaobei.