Injini Iliyoimba Bila Gogo

Naikumbuka siku moja pale Mafinga, mwanangu, na hadi leo naona haya kuisimulia.

Nilikuwa kijana, naendesha dingdong ya baba mdogo, yaani ile mashine ya msumeno ya kupasulia magogo. Dada yangu Tumaini, mjane mwenye watoto watatu, alikuwa akingoja mbao za paa lake lililoezuliwa na upepo, na mawingu ya mvua yalishatanda. Nami badala ya kupasua magogo, nikaenda Mbeya kubadilisha injini! Ile ya zamani ya dizeli ilikuwa nzito, ya polepole. Mpya ya petroli iliandikwa nguvu za farasi nyingi zaidi, na ujana hupenda namba kubwa.

Nikaifunga kwa puli ileile kubwa ya injini ya zamani, lile gurudumu linalovuta mkanda wa msumeno. Puli ni puli, nilijiambia. Nilipoiwasha bila gogo iliimba, majirani wakanisifu, kichwa kikavimba. Debe tupu haliachi kuvuma. Gogo la paina lilipogusa msumeno, injini ikapoteza sauti, ikazima. Nikawasha tena, nikalisukuma gogo kwa hasira. Mkanda ukafuka moshi, ukakatika.

Baba mdogo alikuja taratibu na fimbo yake. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimu kwa kilugha chetu. "Uliijaribu na mzigo kabla hujaileta?"

"Hapana, baba. Lakini ina farasi wengi."

"Farasi ni kipimo cha kazi inayofanyika kwa muda. Hao wako wanapatikana injini ikikimbia. Kinachokata gogo ni nguvu ya kuzungusha, na hii inayo kidogo. Ile ya zamani ilikuwa nayo hata ikienda polepole. Tafuta puli ndogo, uiache injini ikimbie na msumeno uende mwendo wake. Hapo mbio zitageuka nguvu."

Fundi alichukua siku mbili kuichonga puli ndogo na kufunga mkanda mpya. Msumeno ukalipasua gogo lilelile bila kusita. Lakini siku hizo mbili mvua ilinyesha. Nilipofikisha mbao nilimkuta Tumaini anaanika magodoro, mtoto wake mdogo anakohoa. Alisema tu, "Asante, kaka." Nilitamani anitukane.

Mwanangu, injini ile haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Usijipime ukiwa huna mzigo, maana sifa za bure zimewaponza wengi. Jua nguvu yako inatoka wapi. Kama wewe ni wa mbio, jipangie kazi inayotaka mbio. Kama ni wa polepole, usiwaonee wivu wanaokupita, kwani kuna magogo yanayokungoja wewe. Na ukitaka kujaribu jambo jipya, lijaribu kwa muda wako mwenyewe. Usilijaribu kwa muda wa mjane ambaye mvua inamkaribia.

Mungu akuzidishie nguvu, mwanangu, akupe na akili ya kuitumia. Wanaokutegemea wasilowe kwa ajili yako.