Paja Lililolowa

Juzi nilikuwa gereji hapa Garissa nikingoja gari la kwenda Wajir. Mjane wa rika langu akaleta gari kuukuu la marehemu mumewe.

"Miaka yote upande wangu haukuvuja," alilalamika. "Mzee amekufa, na gari nalo limenigeuka."

Fundi alinyunyiza unga wa ngano ndani, chini ya kioo cha mbele, ili aone maji yanapopita, akamketisha mama kiti cha abiria, kisha akamwaga maji juu ya paa polepole. Unga ukalowa pande zote mbili.

"Hooyo, mama yangu, hii ya dereva imevuja zamani sana, chuma imeoza. Yako ndiyo mpya."

Akachokora raba ya upande wa mama kwa bisibisi, akavuta kitambaa kilichooza, kinanuka mafuta ya ngamia.

"Hicho ni kikoi chake," mama akasema.

"Wallahi, aliziba yako peke yake. Maji yote akaiacha ije kwake."

Mama alikishika kile kitambaa. "Kila mvua alishuka paja limelowa. Nami nilikuwa nikimcheka mbele ya watu: mzee, choo kilikuwa mbali?"

Fundi akauliza aanze kuziba upande gani. Mama akahamia kiti cha dereva, akasema, "Mwaga tena."

Fundi akamwaga debe zima. Paja la mama likalowa, na hakuna aliyecheka.

Nyinyi mnaonilalamikia kwamba waume zenu hawana maneno matamu, wangu alikuwa nayo tele. Nililowa miaka yote.