Chapa ya Baba Kitabuni

Kitabu nilimnunulia binti yangu, lakini tusidanganyane: nilikisoma kwanza mimi, jikoni, chai ikifurika. Ni picha tupu na maneno machache, habari ya ngamia jike aliyechoka na nyika akahamia mjini. Mara yuko ndani ya tuktuk, shingo imetokeza juu ya paa. Mara yuko ofisini, amekalia kiti, miguu haijui iende wapi. Mimi mtu mzima, mfanyakazi wa kaunti, mbavu sina!

Baba hakucheka. Ukame ulimmalizia ngamia wake wote kule Tarbaj, nikamleta Garissa akae nasi. Anaswali, anakunywa chai, anatazama ukuta. Mvua ndiyo kabisa: ukiitaja tu, anageuza uso. Iliniuma, wallahi. Nikamwekea kitabu magotini.

"Mimi ni mtoto?" Akakisukuma.

Haya, yaishe. Kesho yake natoka kazini, namkuta mkekani, miwani puani, kitabu kakifungua, kalamu ya binti yangu mkononi. Binti mwenyewe kasimama kando, analia.

"Mama, babu anachora kitabu changu!"

Kweli, ngamia alikuwa na alama shingoni, ukurasa baada ya ukurasa.

"Aabo! Baba yangu, unamharibia mtoto kitabu?"

Akanitazama kama mjinga ni mimi. "Ngamia anazurura Garissa nzima bila chapa! Akiibiwa, utasema ni wa nani?"

Nikainama kutazama. Ilikuwa chapa ya ukoo wetu, ile ile aliyowapiga ngamia wake. Wa kwenye tuktuk anayo. Wa ofisini anayo. Nilikuwa nimejiandaa kufoka, lakini kicheko kikanitoka puani. Mdomo wa baba ukamcheza, akajikaza, akashindwa, akacheka kile kicheko chake cha zamani cha kukohoakohoa. Binti akasahau kilio, akaja kukaa naye.

Tukafungua hadi mwisho. Kwenye ukurasa ule ngamia amejifungua, na ndama wake amevaa mkoba wa shule. Shingo ya ndama ilikuwa safi.

"Mzee, huyu umemsahau," nikamchokoza. "Au wino umeisha?"

Baba akampapasa yule ndama kwa kidole.

"Huyu bado ananyonya," akasema. "Mvua ikinyesha, atakua. Tutampiga chapa."