Goli la Upande wa Juu

Uwanja wetu ulichimbwa na wanawake. Nalisema hilo mapema kwa sababu wanaume wa kijiji chetu, kule milimani juu ya Maore, hadi leo wanasimulia jinsi walivyouchimba wao. Pembe ya msaragambo ililia asubuhi, kila nyumba ikatoa mtu mmoja wa kazi ya kijiji, na kama kawaida huyo mtu mmoja alikuwa mama au binti. Wanaume walikuja kuelekeza. Kuelekeza ni kazi nzito, haifanyiki ila kivulini.

Mpare ukimpa jembe na mteremko, atahakikisha jambo moja tu, maji yaende anakotaka yeye. Kwa hiyo tulisawazisha uwanja kama tunavyosawazisha shamba. Tuliuinamisha kidogo ili mvua ikinyesha, maji yashuke kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Hakuna aliyekumbuka kwamba mpira nao huteremka. Goli moja likawa juu, jingine chini, na hatua chache nyuma ya goli la chini, ndiva.

Siku ya kufungua uwanja mwenyekiti wa kijiji alisimama akawashukuru akina mama kwa makande. Uwanja hakuutaja. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini wahenga hao hawakuwahi kucheza kwetu.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Maduka ya Same yalijaa sabuni za kila rangi, zile tulizozipangia foleni utotoni, na sasa tulizitazama tu. Mashamba ya mkonge kule tambarare yalikuwa yakifungwa au kuuzwa. Viatu vyangu vya mpira vilitoka kwenye robota la mitumba, vya mwanamume mwenye nyayo ndefu, nikavijaza katani kwenye vidole. Ndipo redio ikasema nchi inaunda timu ya wanawake ya kwenda kucheza na mataifa mengine, na kwamba wachaguzi watapita mikoani hadi Same. Wanaume walicheka wiki nzima. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama Mungu aliumba magoti ya mwanamke yaonwe na wageni. Mimi niliitaka ile nafasi kuliko nilivyotaka kuolewa, na wakati huo nilikuwa na mchumba.

Jioni uwanja ulikuwa wa vijana wa kiume. Sisi tuliachiwa saa za jua kali, baada ya kutoka shambani. Na tulilenga goli la juu tu, siku zote, kwa sababu mzee aliyesimamia ndiva alikuwa na sheria yake: mpira ukiingia majini, aliyeupiga anachimba mfereji siku nzima peke yake. Nani anataka hayo? Kwa miaka miwili, tangu uwanja uchimbwe, nilipiga mashuti kupandisha mlima, na golini alisimama binti wa mama yangu mdogo, mwembamba, mwenye mikono mirefu. Mpira wa chini haukupanda mlima, kwa hiyo nilijifunza kuunyanyua. Yeye alijifunza kuufuata huko huko juu.

Tulishuka Same kwa lori, juu ya magunia ya tangawizi. Uwanja wa kule ulikuwa bapa kama sinia, na pembeni alikaa mchaguzi kutoka Dar es Salaam, kitambi mbele, filimbi juu ya kitambi. Shuti langu la kwanza lilipita juu ya mwamba wa goli. La pili nalo. La tatu lilitua kwenye zizi la mbuzi la jirani.

"Dada," alisema yule bwana, "huko kwenu wanafunga mabao mawinguni?"

Watu wakaangua kicheko. Nilimdharau pale pale, na namdharau hadi leo, ingawa shuti langu kweli lilikuwa bovu. Mguu wangu ulikuwa bado unapanda mlima, na hakuna mlima uliokuwepo. Aliyechaguliwa ni yule mdogo wangu wa golini, maana kila mpira wa juu aliopigiwa aliudaka kama anayechuma embe. Nilimpa viatu vyangu, katani na vyote, kisha nikaenda nyuma ya choo cha uwanja nikalia.

Alikaa kambini majuma machache, akapanda ndege, akacheza ugenini mchezo mmoja. Redio ilituambia matokeo kwa sentensi moja, baada ya matangazo ya vifo: timu ya wanawake imefungwa. Akarudi kwa basi na mfuko wa plastiki. Nguo za taifa zilikusanywa walipotua. Timu ile kwa wakubwa wa mpira ilikuwa kama vikombe vya wageni: hutolewa kabatini siku ya ugeni, kisha hurudishwa. Mwenyekiti wetu alimpokea barabarani na kumwambia kwa sauti ya watu wote kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Yeye mwenyewe hakuwahi kushindana na yeyote, ila kwenye mchezo wa bao.

Kesho yake tulikuwa tunapalilia tangawizi, sisi wawili tu. Hakuinua uso.

"Dada, ya juu nilidaka yote. Waliyofunga yote yalipita chini." Akang'oa gugu, akalitupa. "Wewe hukuwahi kunipigia la chini. Hata moja."

Dharau yangu yote niliyokuwa nimewagawia wengine ilinirudia mwenyewe. Mchana ule tukaenda kusimama kwenye goli la chini. Nikapiga mpira wa kuambaa ardhini, ukampita chini ya mkono, ukateremka hadi ndivani. Mzee wa ndiva alikuwa anangoja na fimbo yake. Kesho yake nilichimba mfereji kutwa. Keshokutwa nikapiga tena, nikachimba tena. Mchumba wangu alisema nimechanganyikiwa, akatafuta mwingine, na simlaumu.

Kufikia mavuno mdogo wangu alikuwa anadaka ya chini yote. Hawakumwita tena. Timu yenyewe haikuitwa kwa muda mrefu, na wakubwa walipoikumbuka, mdogo wangu alikuwa na watoto watatu. Hadi leo ukimrushia kitu, hata chungwa, huinama kwanza.