Mshenga wa Programu ya Printa

Shangazi yangu wa Khwisero alikuwa mshenga hodari, na siri yake ilikuwa moja: hakufikisha neno kama alivyopewa. Baba wa bwana harusi akifoka, "Hao wanataka kutumaliza ng'ombe?" shangazi anavuka mto na kusema, "Wenzenu wanawasalimu sana, wanauliza kama mvua imewafikia." Mdomo huo niliurithi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafundisha katika chuo kidogo cha kupiga chapa mjini Kakamega. Mwenye chuo, tuliyemwita Madam, alipenda taipureta zake. Mimi ndiye niliyemshawishi anunue kompyuta na kuziwekea Linux, mfumo wa bure uliokuja kwenye sidii. Shida ni kwamba printa yetu kuukuu ilielewana na programu moja tu. Bwana mmoja wa Ulaya ndiye aliyeiandika. Bwana mwingine, wa Kanada, ndiye aliyeifungasha ili ikae kwenye sidii pamoja na programu nyingine bila kugombana nazo.

Programu hazikugombana. Waligombana wao. Mfungashaji alihamisha mafaili ya mwandishi na kubadilisha mambo mawili matatu bila kupiga hodi, mwandishi akawaka, wakanuniana kabisa. Mfungashaji akatangaza kwamba wasipoelewana kabla sidii mpya haijafungwa, programu itatolewa. Na kompyuta mpya za Madam, zilizokuwa njiani, zilihitaji sidii hiyo mpya. Kuiweka programu mwenyewe bila kupitia sidii nilishajaribu, printa ikatema karatasi tupu.

Madam akaniita. "Mwalimu, hii mashini nilinunua juu ya mdomo yako. Watu wananilipanga karo wapate cheti. Printa ikikataa, unarudi kwenu Matungu kukata miwa."

Miwa! Mimi na panga wapi na wapi? Nikawaandikia mabwana wote wawili, nikajitolea kuwabebea maneno. Simu ya ofisi ilifungwa kufuli na ufunguo ulikaa kifuani pa Madam, kwa hiyo barua pepe, zilizopitia waya huohuo wa simu, nilizichukua mara moja tu kila asubuhi, yeye akiwa amesimama nyuma yangu akiguna.

Barua ya kwanza ya mwandishi ilisema: "Mwambie huyo mjinga atoe mikono yake kwenye kazi yangu." Salaamu hakuna, habari za nyumbani hakuna. Loo, watu wengine hawakulelewa! Nikaipeleka hivi: "Mwandishi anakusalimu. Anaomba mafaili yarudi yalipokuwa, ukiona inafaa."

Mfungashaji alijibu kwamba mwandishi ana kichwa kigumu, tena akaomba radhi kwa kuchelewa, mama yake amelazwa. Kwa mwandishi nikapeleka: "Anakuheshimu sana, anataka tu kujua sababu zako." Habari ya mama sikumpa, maana angeuliza mama anahusiana vipi na mafaili. Lakini kwetu mgonjwa haachwi hivihivi. Nikamwandikia mfungashaji: "Mwandishi anasema pole sana. Mama anaendeleaje?"

Ikawa hivyo. Kila wiki mwandishi alitukana, na kila wiki aliuliza hali ya mama. Nao wakaanza kulegea, huyu akiachia faili moja, yule akikubali badiliko moja.

Kisha asubuhi moja nikakuta mfungashaji amemwandikia mwandishi moja kwa moja, mimi nimepewa nakala tu.

"Mama tulimzika Jumamosi," aliandika. "Ni wewe peke yako uliyekuwa ukiniuliza habari zake. Kesho tunafunga sidii. Programu yako nitaiingiza kama ulivyotaka."

Nilimlilia mama yule nisiyemjua, kweli kabisa, na papo hapo nikajililia mwenyewe. Mwandishi angejibu tu, "Mimi sikuuliza kitu," na programu ingetoka, nami ningeliona panga. Siku hiyo nilifundisha bila kusikia ninachosema.

Kesho yake zilikuwapo barua mbili za mwandishi. Ya kwanza ilikuwa yetu sote: "Pole sana. Niambie, alikuwa mama wa namna gani?" Ya pili ilikuwa yangu peke yangu.

"Kumbe mimi ni mtu mwema, na hakuna aliyeniambia. Nilisema nini kingine?"

Madam alikuwa anagonga meza akidai simu yake. Nikajibu harakaharaka: "Uliahidi kwamba kuanzia sasa utamwandikia mwenyewe, na utaanza na salaamu."